Nairobi hadi New York: Ni Kilomita Ngapi, na Ndege Huchukua Saa Ngapi?

Mzee mmoja alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi. Binti yake amepata kazi ya uuguzi Marekani na tiketi imeshatoka. "Mwanangu," akaniambia, "hii karatasi inasema ndege itaondoka Nairobi saa tano na dakika ishirini na tano usiku, na itafika New York saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Nimehesabu kwa vidole, ni saa saba. Basi letu kutoka Voi hadi Nairobi huchukua karibu saa sita. Kumbe Marekani ni hapo tu?"

Studioni tulicheka, naye akacheka. Lakini swali lake lilikuwa la maana, na baada yake wengine wengi waliuliza yayo hayo. Wapo waliotaka kujua ni saa ngapi wampigie mtoto wao, na wapo waliotaka kujua ni siku gani waende kumpokea ndugu anayerudi. Kwa hiyo tumeliandika jibu hapa, ulisome polepole na umwonyeshe jirani.

Jibu kwa ufupi

Umbali wa angani kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800.

Ndege isiyotua njiani huchukua kama saa 15 kwenda, na kati ya saa 14 na 14 na nusu kurudi.

New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao, na kwa saa 7 wakati wa joto lao.

Saa inayoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali ndege ilipo wakati huo. Ya kuondoka ni saa ya Nairobi, ya kufika ni saa ya New York. Ukizitoa moja kwa nyingine bila kuzilinganisha kwanza, utapata jibu lisilo sahihi, kama lilivyompata mzee wetu.

Kilomita 11,800 ni nyingi kiasi gani?

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Ukienda Mombasa na kurudi Nairobi mara 12, utakuwa umekaribia umbali wa New York. Ndege kubwa za abiria huenda kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa zikishafika juu, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana umbali huo unamalizika kwa usiku mmoja na sehemu ya mchana.

Zamani msafiri wa kutoka Kenya hakuweza kufika Marekani bila ndege kutua mahali fulani njiani. Mnamo Februari 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, jambo lililofungua mlango wa safari za moja kwa moja. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilirusha ndege ya kwanza ya abiria kutoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani. Ilitumia Boeing 787 Dreamliner, ambayo kwa shirika hilo ina viti 234.

Njia gani inapita?

Ukiangalia ramani ya ukutani, kama ile ya darasani, utadhani ndege inakata Kongo, inatoka baharini upande wa magharibi, kisha inapanda taratibu hadi Marekani. Sivyo. Dunia ni mviringo, na ramani ya ukutani imeinyoosha.

Jaribu hivi. Kama shule ya karibu ina tufe la dunia, chukua uzi, ushike upande mmoja juu ya Nairobi na mwingine juu ya New York, kisha uukaze. Utaona uzi unaelekea kaskazini-magharibi. Unapita Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Aljeria na Moroko, unaingia Bahari ya Atlantiki, unapita kwenye visiwa vya Azores vya Ureno, kisha unafika New York. Hiyo ndiyo njia fupi. Anayefuata mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani ataongeza zaidi ya kilomita 300.

Rubani hafuati uzi huo hatua kwa hatua. Mawingu ya mvua kubwa humfanya azunguke, na upepo humfanya achague njia nyingine. Nchi zenye vita pia hukwepwa. Vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, ndege nyingi zilizozoea kupita juu ya nchi hiyo zililazimika kuzunguka. Kwa sababu hizo safari ya leo inaweza kuwa ndefu au fupi kidogo kuliko ya jana, hata kama ndege ni ileile.

Kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14?

Ukigawa kilomita 11,800 kwa 900 utapata kama saa 13. Zile nyingine zinakwenda wapi?

Kwanza, saa za safari huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama ilikokwenda. Kuna kutembea ardhini kuelekea njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda taratibu, na mwishoni kushuka taratibu. Huko kote ndege haiendi kwa mwendo wake kamili.

Pili, kuna upepo. Juu sana angani, hasa kaskazini mwa dunia, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ni kawaida kwa mikondo hiyo kuvuma kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi kali huweza kupita 300. Ndege inayokwenda New York inakutana nayo uso kwa uso, kama jahazi linalopambana na upepo wa mbisho. Inayorudi Nairobi inasukumwa kwa nyuma. Anayeendesha baiskeli upande wa Maungu upepo ukiwa umeamka hahitaji kufundishwa jambo hili.

Kuna na jambo la kwetu wenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa yenye joto ni nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni nzito, na hewa nyepesi haiibebi vizuri wakati wa kuruka. Ndiyo maana njia ya kurukia ya pale ni ndefu, zaidi ya kilomita 4, na ndiyo maana ubaridi wa usiku unaifaa safari ndefu kama hii kuliko jua la saa saba mchana.

Namna ya kuhesabu saa za safari

Hapa ndipo penye swali la mzee. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24, na jua hutufikia sisi kabla ya kuwafikia watu wa New York. Sisi tukiwa tunakula chakula cha mchana, kwao ndiyo kwanza kunapambazuka. Kwa hiyo saa yao iko nyuma ya yetu.

Kanuni ni moja: geuza saa zote mbili ziwe za Kenya, ndipo uhesabu.

Tuchukue saa za tiketi ya yule mzee, na tuseme ni mwezi Januari, wakati tofauti ni saa 8.

Kwenda: Ndege inaondoka Nairobi Jumatatu saa 23:25, yaani saa 5:25 usiku. Inafika New York Jumanne saa 06:25 za kule. Ongeza 8, unapata 14:25, yaani saa 8:25 mchana wa Jumanne hapa kwetu. Kutoka saa 5:25 usiku hadi saa 8:25 mchana ni saa 15 kamili. Zile saa saba za mzee zilikuwa 15 zilizopunguzwa 8.

Kurudi: Tuseme ndege inaondoka New York Jumatano saa 12:25 mchana za kule. Ongeza 8, ni saa 20:25 kwetu, yaani saa 2:25 usiku wa Jumatano. Inafika Nairobi Alhamisi saa 10:55, yaani saa 4:55 asubuhi. Hesabu: ni saa 14 na nusu. Anayesoma tiketi bila kugeuza ataona saa 22 na nusu na kudhani ndege italala njiani.

Wamarekani wengi husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya pili ya mwezi Machi huzisogeza mbele kwa saa moja, na Jumapili ya kwanza ya Novemba huzirudisha nyuma. Sisi hatusogezi. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Novemba tofauti yetu na New York ni saa 7, na miezi iliyobaki ni saa 8. Mashirika ya ndege hubadilisha ratiba kulingana na hilo, kwa hiyo usitumie tiketi ya mwaka jana kukisia saa za mwaka huu.

Tena Marekani si saa moja nchi nzima. Jamaa aliye Chicago, Minnesota au Dallas yuko nyuma ya New York kwa saa moja zaidi. Aliye Los Angeles yuko nyuma ya New York kwa saa 3. Ukimpigia huyo wa Los Angeles saa nne asubuhi kwetu mwezi Januari, kwake ni saa tano usiku wa jana, na huenda ameshalala.

Mtego wa usiku wa manane

Mtego huu uliwahi kuninasa mimi mwenyewe, kabla sijaanza kazi ya redio.

Binamu yangu alipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Ukoo ulifanya harambee, mjomba akauza ng'ombe, tiketi ikanunuliwa. Ilisema ndege inaondoka tarehe 14 saa 00:40. Tukasoma "tarehe 14", tukasoma "usiku". Tarehe 14 tukakodi matatu mbili, shangazi zangu wakavaa leso sare, tukafika uwanjani saa tatu usiku tukiimba. Kijana wa pale mlangoni aliitazama tiketi, akatutazama sisi, akasema kwa sauti ya chini: "Hii ndege iliondoka jana usiku."

Saa 00:40 ya tarehe 14 ni dakika 40 baada ya tarehe 13 kwisha. Ilitupasa tuwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Binamu aliondoka siku tisa baadaye, baada ya ukoo kuchangishana tena ili kulipia mabadiliko ya tiketi. Ng'ombe wa pili hakuuzwa, lakini alikaribia.

Kosa letu lilitokana na namna tunavyosema. Kwa Kiswahili tuna maneno mazuri sana ya jambo hili, na kwenye taarifa ya habari tunayasoma kila siku: "usiku wa kuamkia". Tungejiuliza, "Ni usiku wa kuamkia tarehe gani?", tungepata jibu. Ndege ya saa 00:40 tarehe 14 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14. Ile ya saa 23:25 tarehe 14 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15.

Kwa hiyo tiketi ikionyesha saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, chukua kalamu, andika pembeni tarehe ya siku iliyotangulia, na uandike: "Jioni hii tuwe uwanjani." Ukitaka kugeuza saa za tiketi ziwe za Kiswahili, toa sita. 14:25 toa 6 ni saa 8:25 mchana. Zikizidi 18, toa 18. 23:25 toa 18 ni saa 5:25 usiku. Zile za 00 hadi 06 ongeza 6. 00:40 ongeza 6 ni saa 6:40 usiku.

Angalia pia tarehe zenyewe. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Kwao 03/04 ni tarehe 4 Machi. Kwetu ni tarehe 3 Aprili.

Safari ya kubadilisha ndege

Wengi wa wasikilizaji wetu husafiri kwa ndege mbili kwa sababu ya bei ya tiketi au siku wanayotaka. Hapo umbali na muda hubadilika.

Kupitia Amsterdam: Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,700, na Amsterdam hadi New York ni kama 5,900. Jumla ni karibu kilomita 12,500. Njia inaongezeka kwa kilomita 700 tu, lakini kuna kushuka, kusubiri na kupanda tena.

Kupitia Dubai: Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,600 kuelekea kaskazini-mashariki, kisha Dubai hadi New York ni kama 11,000. Jumla ni karibu kilomita 14,600. Msafiri anaanza kwa kwenda upande usio wa Marekani, halafu anageuka.

Katika safari za namna hii, muda wa kusubiri ndio unaoamua. Saa mbili za kusubiri ni chache, ndege ya kwanza ikichelewa. Saa kumi ni nyingi kwa mama anayesafiri na mtoto mchanga. Kabla ya kulipa, muulize wakala maswali mawili: jumla ya safari yote ni saa ngapi, na kule katikati nitasubiri saa ngapi? Kwenye tiketi, kila saa ya katikati nayo ni ya mji huo wa katikati.

Simu ikizimwa, usihangaike

Safari ni saa 15, lakini ukimya wa msafiri ni mrefu zaidi. Anatakiwa awe uwanjani angalau saa 3 kabla ya kuondoka. Akishapanda, simu inazimwa au inawekwa katika hali ya ndege. Akifika New York kuna foleni ya maofisa wa uhamiaji, kisha mizigo, kisha kutafuta intaneti au laini ya simu ya kule. Tangu aage hadi atume ujumbe wa kwanza, saa 18 zinaweza kupita, na hakuna lililoharibika.

Kwa mfano wetu wa Januari, ndege iliyoondoka Jumatatu saa 5:25 usiku inafika saa 8:25 mchana wa Jumanne kwetu. Usitarajie simu kabla ya saa kumi jioni. Kama unataka kujua mapema, mwombe msafiri akuachie namba ya ndege, ile inayoanza na herufi mbili. Mtoto yeyote mwenye intaneti kwenye simu ataiandika na kuona kama ndege imetua.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu matapeli wanajua kwamba katika saa hizo msafiri hapatikani. Mtu akikupigia akidai kwamba binti yako amezuiwa uwanjani na zinahitajika pesa haraka kwa simu, tazama saa kwanza. Kama kwa hesabu yako ndege bado iko juu ya Atlantiki, hakuna ofisi ya New York inayoweza kuwa imemzuia. Hata kama imeshatua, usitume kitu mpaka usikie sauti yake mwenyewe.

Na anayerudi?

Ndege ikitua Nairobi saa 4:55 asubuhi, msafiri hatakuwa mlangoni saa tano. Kuna pasipoti, mizigo na forodha. Mpe angalau saa moja na nusu. Kutoka hapo hadi Voi ni zaidi ya kilomita 300 za barabara. Akiondoka bila kuchelewa atafika magharibi, akiwa na mwili unaodai kwamba ni asubuhi ya Marekani. Mpokee, mpe chakula, mwache alale. Wageni waje kesho.

Neno la mwisho ni kwa familia zinazosafirisha mwili wa marehemu kutoka ng'ambo. Sisi hapa ndio tunaosoma matangazo yenu, na mara kadhaa tumelazimika kurudi hewani kusema siku ya mazishi imesogezwa. Saa 14 na nusu ni za ndege peke yake. Hazijumuishi karatasi za kule, kupata nafasi kwenye ndege, wala taratibu za mizigo Nairobi. Subirini hadi mwili utue na karatasi zikamilike, ndipo mtangaze siku.

Yule mzee alipiga tena wiki ile ile. Alikuwa amekaa na mjukuu wake, wameandika saa zote mbili kwa hesabu ya kwetu. "Ni kumi na tano," akasema. "Basi mwanangu anakwenda mbali kweli." Kisha akaniuliza kama saa kumi jioni ya Jumanne tutakuwa na kipindi chenye muziki, kwa sababu atakuwa amekaa kando ya simu na hatataka kukaa kimya.